Wastani umepanda, maziwa yamepungua

Ukutani palikuwa na mstari wa kijani unaopanda kutoka Mei kwenda Septemba. Meneja akaugonga kwa rula. "Mfugaji akija kituoni sasa hivi analeta lita nyingi kuliko alivyokuwa akileta masika. Tumepiga hatua." Wajumbe wakapiga makofi, yale makofi ya mkutano wa ushirika ambayo nia yake ni ajenda iishe chai iletwe.

Mama mmoja akasimama bila kupewa nafasi.

"Samahani meneja. Septemba mimi nilishuka tambarare kununua mabua. Hata migomba tulishaikatia ng'ombe ikaisha. Hayo maziwa yaliyoongezeka yametoka kwa ng'ombe gani?"

Ukumbi ukacheka. Meneja naye akacheka, akasema, "Mama yangu, hiyo ni kompyuta imesema, siyo mimi." Mama akakaa, akajifunga kanga vizuri, ajenda ikaendelea.

Mimi nilikuwa nyuma ya projekta. Kazi yangu pale ni malipo: mwisho wa mwezi najumlisha lita za kila mwanachama, nazidisha kwa bei, nakata deni la pumba na dawa, kinachobaki namtumia kwa simu. Mstari wa kijani ulitoka kwenye mfumo tuliofungiwa, ule wa kubonyeza "ripoti" na kusubiri. Lakini nilikuwa na taarifa moja ambayo mstari haukuwa nayo. Septemba nilituma hela kidogo kuliko Mei, na bei ya lita haikushuka hata shilingi.

Wastani umepandaje?

## Mishahara ya dola

Nilianza na Excel, kama kila mtu. Haikunishinda kwa ukubwa wa faili. Ilinichosha kwa sababu kila swali jipya lilikuwa safari mpya: chuja, nakili, bandika, futa, rudia. Nikishapata jibu sikumbuki nilipitia wapi, na kesho nikiulizwa "umelipataje?" sina la kuonyesha. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi za kompyuta Arusha alinisikiliza kwenye simu akanikata katikati: "Kaka, unauliza maswali ya kanzidata kwenye daftari la miraba. Jifunze SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali."

Akanielekeza kwenye SQLite, ambayo ni ya bure, haihitaji seva, na kanzidata nzima ni faili moja unaloweza kulituma kwa WhatsApp likitosha. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, na leo imo ndani ya kila simu ya Android. Wafugaji waliokuwa foleni na keni zao walikuwa nayo mfukoni siku zote, mimi ndiye nilikuwa naitafuta.

Nikajifunza usiku, kwa bando la usiku, kwa video za watu wa India na Marekani. Wote wana jedwali lilelile: wafanyakazi, idara, mshahara. Nani analipwa zaidi idara ya mauzo? Nani yuko juu ya wastani wa idara yake? Nilijua mishahara ya dola ya watu wasiokuwepo duniani kabla sijaweza kuuliza swali moja kuhusu maziwa ya wilaya ya Hai, Kilimanjaro.

Kilichobadilisha mambo ni kidogo tu. Niliacha majedwali ya watu nikatengeneza la kwangu, kwa majina ya kwangu: jedwali linaitwa mapokezi, safu zake ni mfugaji, tarehe, saa, stakabadhi, lita. Nikaingiza faili la mfumo. Nikaandika:

SELECT mfugaji, SUM(lita)
FROM mapokezi
GROUP BY mfugaji;

Yakatiririka majina ninayoyajua. Huyu ana mbuzi pia. Huyu hudai risiti ya karatasi hata baada ya kupata ujumbe wa simu. Huyu tulimzika Julai.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kweli. SUM, COUNT, MIN na MAX ni majina ya nyumbani kwa aliyetoka Excel, na AVG ni AVERAGE iliyofupishwa, yaani wastani. Kigeni kilikuwa mpangilio. Unaandika SELECT kwanza, lakini mashine haianzii hapo. Inaanzia FROM, ikachuja kwa WHERE, ikakusanya makundi kwa GROUP BY, ikachuja makundi kwa HAVING, ndipo irudi juu kwenye SELECT, na mwisho kabisa ipange kwa ORDER BY. Nilipolijua hilo nikaacha kushangaa kwa nini WHERE inakataa SUM. Wakati WHERE inafanya kazi, jumla bado haijazaliwa.

Lugha yenyewe ina umri mkubwa. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa kampuni ya kompyuta ya IBM kule San Jose, California, alichapisha wazo la kuhifadhi data kwa majedwali yenye uhusiano mwaka 1970. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha ya kuliuliza. Waliiita SEQUEL, baadaye wakalazimika kulifupisha jina kuwa SQL kwa sababu kampuni moja ya Uingereza ya kutengeneza ndege ilikuwa imeshalisajili. Waliilenga kwa mtu asiye mtaalamu wa programu, mwenye kazi yake nyingine na swali mkononi.

Karani wa maziwa, kwa mfano.

## Wafugaji wanne

Namba za ushirika siziweki hapa, zina wenyewe. Chukua wafugaji wanne tu, siku moja ya Mei na siku moja ya Septemba.

Mei wanaleta lita 14, 12, 4 na 3. Jumla 33, wastani 8.25.

Septemba, wa kwanza analeta 11, wa pili 10. Wa tatu na wa nne hawaonekani kituoni. Jumla 21. Wastani?

AVG inajibu 10.5.

Lita 12 zimepotea, na wastani umepanda kwa lita 2 na robo. Kila mmoja wa wale wawili waliobaki ameleta pungufu kuliko Mei. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeongeza maziwa, na bado mstari wa kijani unapanda. Mfumo haukudanganya wala haukuharibika. Uligawanya kwa watu waliokuja, kwa sababu waliokuja ndio wenye mstari kwenye jedwali. Asiyekuja hana mstari, na AVG haina habari na mtu asiye na mstari.

Nilipolipata hilo nilikaa kitandani na kompyuta magotini nikamfikiria yule mama. Swali lake, "ya ng'ombe gani?", lilikuwa sahihi kuliko lolote nililosikia kwenye video zote zile. Aliuliza kilichowekwa chini ya mstari wa kugawanya. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama cha juu.

Na wanaopotea kiangazi hawapotei ovyo. Mwenye ng'ombe wanne, mmoja akikauka, bado ana watatu wa kumleta kituoni. Mwenye ng'ombe mmoja akikaukiwa, ametoweka. Ndiyo maana wastani wetu unapanda kila ukame: mdogo anatoka kwenye hesabu, mkubwa anabaki.

## Kuwarudisha kwenye jedwali

Dawa nilidhani ni rahisi. Tuna jedwali la wanachama, kila mmoja na namba yake. Lichukue hilo kama msingi, kisha ulibandikie mapokezi. Aliyeleta aonekane na lita zake, asiyeleta aonekane na nafasi tupu. Hiyo ndiyo kazi ya LEFT JOIN.

SELECT w.mfugaji, SUM(m.lita) AS lita
FROM wanachama w
LEFT JOIN mapokezi m
  ON m.mfugaji = w.mfugaji
WHERE m.tarehe BETWEEN '2024-09-01' AND '2024-09-30'
GROUP BY w.mfugaji;

Nikaiendesha. Waliokosekana wakakosekana tena, kana kwamba sikuandika LEFT.

Hapa nilikwama muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na nashuku wengi hupita bila kujua wamekwama, kwa sababu mashine haitoi kosa lolote. Inatoa orodha safi, yenye majina na lita, na orodha hiyo si uliyoiomba. Tatizo liko kwenye WHERE. LEFT JOIN ilishawaleta watu wote, wasiokuja Septemba wakiwa na tarehe za miezi mingine, au tarehe tupu kama hawajawahi kuleta. Kisha WHERE ikauliza kila mmoja: tarehe yako imo ndani ya Septemba? Mwenye tarehe za miezi mingine tu akajibu hapana, mwenye tarehe tupu hana la kujibu, wote wakatolewa nje. Sharti la tarehe linapaswa kukaa ndani ya ON, pamoja na namba ya mfugaji, ili lichuje mapokezi kabla ya kubandikwa na lisimguse mwanachama.

Ukihamisha mstari mmoja kutoka WHERE kwenda ON, watu wanarudi.

Mtego wa pili unafuata papo hapo. Ukitaka kujua kila mwanachama kaleta mara ngapi na ukaandika COUNT ya nyota, yaani COUNT(*), asiyekuja kabisa atapewa 1. Kwa nini? Kwa sababu nyota inahesabu mistari, na LEFT JOIN imempa mstari mmoja, ingawa mtupu. Ukiandika COUNT(m.lita) anapata 0, maana hiyo inahesabu penye thamani tu.

Kwenye makaratasi ya mafunzo tofauti hiyo hupewa sentensi moja.

## Tupu ya namna gani

Nikamalizia kwa COALESCE(SUM(m.lita), 0), kila penye utupu pakawa sifuri. Wale wanne wangu sasa wana wastani wa 5.25 badala ya 10.5. Mstari ukainama. Nilitaka kumpelekea meneja asubuhi ileile.

Sikumpelekea. Sifuri zile zilinitazama vibaya.

Yule tuliyemzika Julai alikuwa ameandikiwa 0. Mzee mmoja ambaye ng'ombe wake alikuwa amekaushwa asubiri kuzaa alikuwa na 0. Na jamaa mmoja, ambaye kila mtu anajua ana ng'ombe wazuri na nilimwona kwa macho yangu akipita barabarani na keni kwenye pikipiki, naye alikuwa na 0. Watu watatu, sifuri moja. Nilikuwa nimefuta uongo mmoja nikaandika mwingine kwa herufi kubwa zaidi.

Kwenye SQL utupu unaitwa NULL, na una tabia zake. Hauko sawa na sifuri. Hauko sawa hata na wenyewe: ukiuliza kama NULL ni sawa na NULL, jibu si ndiyo wala hapana, ni NULL. Ukisema nipe wote ambao lita si 0, wenye NULL hawaji. Inakera mwanzoni. Baadaye nikaona ni adabu fulani ya mashine, inakataa kusema isichokijua. Mwenye kuvunja adabu hiyo ni mimi na COALESCE yangu.

Codd mwenyewe hakuridhika na utupu wa aina moja. Mwaka 1990 alipendekeza alama mbili tofauti: moja ya thamani ambayo ipo lakini haijulikani, nyingine ya thamani ambayo haiwezi kuwepo kabisa kwa jambo hilo. Mwenzake wa miaka mingi, C. J. Date, alipinga kutoka upande wa pili, kwamba NULL haikupaswa kuingia kwenye majedwali hata kidogo. SQL haikumfuata yeyote kati yao. Ikabaki na NULL moja.

Lakini nikiwa nimekaa kwenye kituo cha maziwa, Codd namwelewa kabisa. Ng'ombe aliyekaushwa hana lita, hapo hakuna cha kuandika. Jamaa wa pikipiki ana lita, ila mimi sizijui. Marehemu hapaswi kuwemo kwenye orodha, na hilo ni deni la ofisi, kwa sababu hatukuwa tumeandika tarehe ya mtu kutoka uanachama. Ningekuwa na alama tatu ningezitumia zote.

## Mstari uliotangulia

Swali likabadilika. Badala ya "wastani ni ngapi" likawa "aliyekosekana alikosekana vipi". Na kwa hilo GROUP BY haifai. GROUP BY ni sawa na tanki la kupozea: ukishamimina ndoo zote unajua jumla, lakini huwezi tena kuyatoa ya fulani. Nilihitaji kusoma jumla huku kila ndoo ikiwa bado mkononi mwa mwenyewe.

Kuna kundi zima la funksheni kwa kazi hiyo, zinazofanya kazi kupitia neno OVER. Mstari unabaki mstari, lakini unaruhusiwa kutazama majirani zake: uliotangulia, unaofuata, wote wa siku hiyo, wote wa mtu huyo. Ziliingia kwenye kanuni rasmi za SQL mwaka 2003, na kati ya programu za kanzidata PostgreSQL ikazipata 2009, MySQL na SQLite zikangoja hadi 2018. Najua kwa sababu kompyuta ya ofisini ilikuwa na SQLite ya kabla ya toleo la 3.25, na kila nilipoandika OVER ilinijibu kwamba kuna kosa la sarufi karibu na mabano. Niliyatazama mabano yale mpaka nikayachukia. Yalikuwa hayana kosa lolote.

Kabla ya kufika kwenye mapengo, saa zikanizuia.

Nilitaka kutenganisha maziwa ya asubuhi na ya jioni, na mfumo ulikuwa na safu ya saa tu. Nikapanga kwa saa nikakuta eti wafugaji wetu wanaleta maziwa saa sita mchana, wengine saa saba usiku wa manane. Sisi tunafungua kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa dhahiri: karani mmoja anaandika saa ya simu, 06:40, na mwenzake anaandika saa yetu, 12:40, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mashine inaisoma 12:40 kuwa mchana, na 1:30 kuwa usiku. Wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa saa yake.

Ungedhani unasogeza saa sita tu mambo yaishe. Kwa 1:30 na 2:00 ni rahisi, hizo ni za asubuhi daima, kwa sababu saa moja na saa mbili za usiku kituo kimeshafungwa. 10:30 na 11:15 ni za jioni, maana saa nne na saa tano za asubuhi karani hayupo. Tatizo ni 12:10. Saa kumi na mbili ya asubuhi ni ya kufungulia na saa kumi na mbili ya jioni ni ya kufungia, na zote mbili zina foleni.

Dawa ilikuwa kwenye stakabadhi. Namba zake zinafuatana tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo, kwa kila mstari, uliza: tangu siku ilipoanza, kuna aliyekwisha kuja saa 10 au 11? Kama yupo, 12 hii ni ya jioni.

MAX(saa_kamili IN (10, 11)) OVER (
  PARTITION BY tarehe ORDER BY stakabadhi
)

Hapo saa_kamili ni ile namba ya mbele ya saa, bila dakika. SQLite inahesabu kweli kuwa 1 na si kweli kuwa 0, kwa hiyo MAX inakaa 0 asubuhi nzima, na anapofika mtu wa kwanza wa saa kumi jioni inaruka kuwa 1 na haishuki tena mpaka kesho. Wasichana na wavulana wa kompyuta wataniambia ni jambo dogo. Mimi nilitoka nje nikanunua soda.

Kisha mapengo. LAG inachukua thamani ya mstari uliotangulia wa mtu huyohuyo, na julianday inageuza tarehe kuwa namba ya siku ili uweze kutoa:

julianday(tarehe) - julianday(
  LAG(tarehe) OVER (
    PARTITION BY mfugaji
    ORDER BY tarehe, stakabadhi
  )
) AS pengo

Mstari wa kwanza wa kila mfugaji unatoka NULL, kwa haki, hana jana. Pengo 0 ni jioni ya siku ileile. Pengo 1 ni kesho yake. Nikapanga makubwa juu, nikaanza kusoma kama mtu anayesoma gazeti.

Mapengo yana sura. Lipo la miezi miwili na ushei, na mtu akirudi anarudi na lita nyingi kuliko alizoondoka nazo. Huyo ng'ombe wake alikaushwa, maana hukaushwa kama siku 60 kabla ya kuzaa, akazaa, dang'a ikanywewa na ndama, kisha maziwa yakafunguka. Lipo linaloanza Agosti, lita zikishuka taratibu kabla yake, 5, 4, 4, 3, halafu kimya hadi vuli inyeshe. Hilo ni la majani. Na kuna wasio na pengo lolote, wanaleta kila siku, ila wanaleta asubuhi tu. Jioni hawaonekani kuanzia Julai hadi Oktoba.

Hawa wa mwisho walinipa kazi.

## Orodha niliyoombwa

Nilimwonyesha meneja. Niseme ukweli wake, alisikiliza. Suala la wastani alilielewa haraka kuliko nilivyolielewa mimi, akasema ripoti ya robo ijayo ibadilishwe. Kisha akasogeza kiti.

"Hawa wa asubuhi tu. Unaweza kunitolea majina?"

Naweza. Ni suala la mstari mmoja wa HAVING. Masharti ya ushirika yanataka mwanachama auze kwetu, na kiangazi wachuuzi wa mjini wanalipa zaidi, tena hela mkononi, wakati sisi tunalipa mwisho wa mwezi. Mfugaji mwenye mtoto aliyerudishwa ada hana wa kumsubiri karani. Meneja anajua hilo, mimi najua hilo, na wote wawili tunajua tanki lisipojaa gari la kiwanda litaacha kupanda mlimani.

Lakini swali langu la SQL halikusema "wanaouza kwa wachuuzi". Lilisema "wasioleta jioni". Katikati ya sentensi hizo mbili kuna nyumba nzima. Wengi huku maziwa ya jioni ni ya watoto, hayajawahi kwenda kituoni hata masika. Mwenye wajukuu watano na mwenye mteja wa hoteli wanatoka na sura ileile kwenye jedwali langu, na funksheni yoyote ninayoijua haiwatenganishi. Ningeweza kuchuja waliokuwa wakileta jioni Mei wakaacha Julai. Nilifanya hivyo, orodha ikapungua, na bado ndani yake nilimwona mama mmoja ambaye najua binti yake alirudi nyumbani na pacha.

Nikawatoa kwa vijiji badala ya majina, kwa hesabu tu. Halafu nikagundua kuna kijiji chenye wanachama watatu. Ukisema "kijiji fulani, mmoja", umeshamtaja. Nikaongeza sharti kwamba kijiji chenye wafugaji chini ya watano kisionekane:

HAVING COUNT(DISTINCT mfugaji) >= 5

Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na sidhani kuna aliyeisoma pale ofisini zaidi ya kipande nilichokipitia mimi. Sikuhitaji sheria ili nisite, lakini ilinisaidia kuwa na cha kusema kinachosikika kiofisi. Meneja alisoma karatasi, akasema, "Umenifichia." Nikamjibu kwamba sijui, na nisichokijua siwezi kukiorodhesha. Hatukukosana. Wala sina hakika nilikuwa sahihi kwa tanki.

Nilipoanza kujifunza nilidhani ugumu utakuwa sarufi. Sarufi unaizoea, mabano na koma vinakaa sawa. Kinachobaki kigumu ni kwamba kila funksheni imeshaamua jambo kabla hujafika. AVG imeamua asiyekuwepo asihesabiwe. COUNT ya nyota imeamua mstari mtupu ni mtu. COALESCE inakuachia wewe uamue, na unaamua usiku peke yako, kwa niaba ya watu waliolala.

## Safu mpya

Ripoti sasa ina mistari minne: jumla ya lita, idadi ya wanachama walioleta, wastani wa walioleta, na wastani kwa wanachama wote walio hai na wenye ng'ombe anayekamuliwa. Huo wa nne ndio mgumu, kwa sababu unahitaji kujua nani ana ng'ombe anayekamuliwa, na hilo halimo kwenye data. Linapatikana kwa kuuliza watu.

Tukaongeza safu ya sababu. Mwanachama asipoonekana wiki nzima, karani wa kituo aandike herufi moja: K ng'ombe amekauka, M hana majani, N yamebaki nyumbani, U ameuza kwingine, S sijui. Niliona ni mpango mzuri. Wale walikuwa watu wanaojuana, karani amezaliwa palepale, anajua ndama wa nani kazaliwa lini.

Mwezi wa kwanza nikaendesha swali:

SELECT sababu, COUNT(*)
FROM makosekano
GROUP BY sababu;

K chache. M moja. Zilizobaki zote S.

Nikapanda kituoni siku ya pili. Foleni ilikuwa imeisha, karani anaosha laktomita ya kupimia maziwa. Nikamuuliza kwa upole, jamani, hata huyu wa nyumba ya tatu kutoka hapa hujui ng'ombe wake ana nini?

"Najua kaka," akasema. "Lakini nikiandika U, ni mimi nimeandika. Na Jumapili tunakaa benchi moja kanisani."

Kwenye ripoti ya mwezi S imekwenda ilivyo, na idadi yake pembeni.